Mgika Mwenye Pamba Kichwani

Kule Burma, wakati wa vita, kazi ya Boniventura ilikuwa kuosha masufuria. Jikoni kwa maofisa mtu husikia Kiingereza kingi, ila ni Kiingereza cha namna moja: njoo, nenda, haraka, moto, mjinga, na mjinga zaidi ya yule wa kwanza. Maneno hayo aliyashika barabara. Mengine yalipita juu ya kichwa chake kama ndege za kivita, naye hakuyafuata.

Aliporudi kwao Ntuzu, karibu na Bariadi, alikosea jambo moja tu. Alikuwa amekaa kilabuni, kata ya pombe mkononi, Mzungu mmoja wa pamba aliposimamisha gari na kuuliza njia. Watu wote wakamgeukia Boniventura, maana ndiye aliyekuwa na koti la jeshi. Boniventura akasimama, akanyoosha mkono kuelekea huko ambako gari lilikuwa limeelekea tangu mwanzo, akapiga kelele, "Yesi sa! Go! Hari apu!" Mzungu akaenda. Tena akaenda haraka, vumbi likatimka. Watu wakajionea kwa macho yao: Mzungu ametumwa na Msukuma, na ametumika.

Kuanzia siku ile hakuwa na pa kujificha. Mtu mwenye haya ana shida yake. Kukataa sifa kunataka mdomo mwepesi, kuipokea kunataka kunyamaza tu, na kunyamaza ndiko Boniventura alikokujua. Basi barua za Boma zikaanza kuletwa kwake. Aliipokea kila barua kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda wa kutosha, mara nyingine chini juu, kisha akasema, "Hii ni nzito. Niachieni mpaka kesho." Kesho yake alfajiri alikuwa ng'ambo ya mto kwa mwalimu mmoja wa shule, jogoo kwapani. Mwalimu alisoma barua, jogoo akabaki. Miaka kumi ilipita hivyo, na banda la kuku la mwalimu yule likawa sifa ya kijiji kizima.

Mwaka wa hamsini na sita misheni ikaleta Padre mpya kutoka Marekani. Alikuwa mrefu, miguu imepinda kama koleo la mhunzi, watu wakamwita Padre Matege. Yeye akadhani ni jina la heshima, akawa anajitambulisha nalo kwa wageni huku akiinama. Kisukuma hakuwa nacho bado, Kiswahili alikuwa anakiokota kokote na kukitia kokote. Alihitaji mkalimani, na kijiji kizima kikanyoosha kidole kimoja.

Hapo napo Boniventura alipona. Mahubiri ya Padre yalifuata Injili ya Jumapili, na Injili zote Boniventura alizijua kwa moyo tangu ukatekumeni. Alichofanya ni kutega sikio asubiri jina. Likitoka "Lazaro" katikati ya yale maneno ya puani, anawasimulia watu habari za Lazaro, na kwa vile hakubanwa na kilichosemwa, alizisimulia vizuri. Wanawake walilia. Padre, kwa kuona machozi, alizidi kuongea. Kwa kazi hiyo Boniventura alipewa nyumba ya bati ya misheni, ya vyumba viwili, na mkewe Kornelia kwa mara ya kwanza katika maisha yake alipika mvua ikinyesha bila kufunika chungu.

Ukimwacha yule mwalimu wa ng'ambo, aliyejua ukweli alikuwa Kornelia peke yake.

Sasa, mwezi wa tisa mwaka ule, pamba ikiwa imeshanunuliwa na ghala la ushirika liko tupu, Padre Matege akapokea sanduku kutoka kwao. Ndani mlikuwa na sinema. Akamwita Boniventura, uso unang'aa kama sufuria jipya.

"Boni! Jumamosi, watu wote, ghala! Hii hadithi ya baba ya nchi yangu. Baba ya kwanza. Mkubwa sana! Wewe sema Kisukuma, watu sikia."

"Ndiyo, Padre," Boniventura akasema. Kisha akauliza, "Huyo baba alifanya nini?"

Padre akatafuta neno. Alilitafuta hewani, akalitafuta kwenye mifuko ya kanzu. "Yeye kataa," akasema hatimaye.

"Alikataa nini?"

"Kataa chai."

"Chai?"

"Chai! Kataa chai sana! Halafu vita." Akampiga Boniventura begani akaenda zake, ameridhika kwamba mambo yote sasa yako wazi.

Boniventura akarudi nyumbani, akajilaza kitandani mchana kweupe, akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Una nini?" Kornelia akauliza kutoka mlangoni.

"Homa."

"Homa ya Jumamosi, wakati leo ni Alhamisi?"

"Kornelia, sinema haina Lazaro. Haina hata Petro. Kuna mtu mmoja alikataa chai, basi. Nitasema nini mbele ya watu mia nne?"

"Useme ukweli. Sema, jamani, mimi nilikuwa naosha vyungu."

Boniventura akafumba macho. Kornelia akatazama juu, akayatazama mabati ya misheni, moja moja.

"Au usiseme," akasema. "Ila homa siipikii uji. Amka."

Siku ya pili mambo yakaharibika zaidi. Karani Novatus wa Boma la Maswa alifika kwa baiskeli, suruali amezibana kwa vibanio ili zisiingie kwenye mnyororo. Novatus alikuwa Mhaya, amesoma Tabora, Kiingereza chake hata Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alikuwa akikisikiliza mara mbili. Wakati ule mikutano ya siasa ilikuwa marufuku Jimbo zima la Ziwa. Watu watano wakisimama pamoja barabarani askari aliuliza wamefiwa na nani. Sinema ya watu mia nne haikuweza kupita hivihivi.

"Mwadila, Bwana Karani," Boniventura akamwamkia.

"Mhola," Novatus akaitikia, kwa namna ya mtu anayelipa ushuru. "Wewe ndiye Bwana Boniventura mwenye Kiingereza? Nimekusikia mpaka Maswa. Kesho nitakaa mbele, na daftari. Nimetumwa niandike kila utakachosema. Ukitia siasa, nakuandika. Na ukisema kisichomo kwenye sinema, nakuandika vilevile. Mtu kujifanya mkalimani wakati si mkalimani ni udanganyifu, na Padre atapata nakala yake." Akapanda baiskeli. "Nina hamu sana ya kukusikia," akaongeza.

Kwa hiyo Boniventura aliingia Jumamosi akijua hesabu yake ilivyokaa. Akikosea, Novatus anasimama, anamvua nguo mbele ya watu mia nne, na Jumatatu Kornelia anarudi kupika chini ya nyasi. Utani wenyewe je? Wasukuma wakikupata na kitu kama hicho hawakiachi. Wajukuu wako watakikuta mlangoni kinawasubiri.

Sinema ilioneshwa saa nane mchana. Usiku ungefaa zaidi, lakini usiku Bariadi ni wa fisi, na akina mama walikataa. Kwa hiyo madirisha ya ghala yakazibwa kwa magunia, mlango ukafungwa, askari wawili wa mtemi wakausimamia kwa ndani, na watu wakakaa gizani wakitoka jasho juu ya mabaki ya pamba. Nje jenereta ilikuwa inakohoa. Mbele lilitundikwa shuka la kitanda cha Padre, lenye kiraka.

Watu walikaa kama wanavyokaa siku zote penye jambo la kutazama: Wagika upande huu, Wagalu upande ule. Ndivyo vyama viwili vya ngoma ambavyo kila Msukuma wa kule amezaliwa ndani ya kimoja. Kila mavuno yakiisha hushindana uwanja mmoja, huku na huku, na anayevuta watu wengi zaidi ndiye mshindi. Na kwa kuwavuta watu, dawa hutumika kuliko miguu. Mwaka ule, mwezi wa saba, Wagika walikuwa wameshindwa vibaya. Manju wao, yaani mwimbishaji wao mkuu, alikuwa Nkinda, kaka yake Kornelia, jitu lenye shingo ya fahali. Alikaa safu ya kwanza, amenuna tangu mwezi wa saba. Upande wa pili alikaa Jilala, manju wa Wagalu, ananukia ushindi. Katikati yao, kitini, Karani Novatus, daftari gotini na tochi kwapani.

Boniventura alisimama kando ya shuka, ameshika bomba la bati la kukuzia sauti.

Mwanga ukapiga. Likatokea jumba, na ndani ya jumba wazee wa Kizungu wamekaa mezani, wanabishana, vichwa vyao vyote vyeupe, nywele zimeviringwa masikioni.

Kisha sauti ya kizee ikatoka nyuma. Ilikuwa ya Masele, mpanga pamba wa ushirika, ambaye kazi yake miaka yote ni kutenganisha pamba safi, ya daraja la kwanza, na ile chafu iitwayo fifi.

"Mkalimani! Wamevaa nini kichwani?"

Boniventura akatazama. Hakuona jibu lingine. "Pamba," akasema ndani ya bomba.

"Safi au fifi?"

"Fifi," akasema. "Safi wameuza."

Ghala likapasuka kwa kicheko. Boniventura akashtuka mpaka bomba likamgonga meno. Hakuwahi kuchekesha watu mia nne. Hata wawili hakuwahi. Alitupa jicho kwa Novatus. Karani alikuwa ameinua kalamu, hajaandika.

Picha ikageuka. Ikaja barabara, na barabarani wanaume wa makoti mekundu, wamepanga mistari, wanakwenda kwa hatua moja. Mbele yao wapiga ngoma. Pembeni wapiga filimbi. Nyuma bendera. Mguu wa kushoto, wa kulia, vumbi, ngoma.

"Hee!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Kumbe ni wachezaji!"

"Ni ngoma!" wakaitikia. "Tazama walivyopendeza! Tazama vidari!"

"Ngoma gani hiyo, mkalimani? Wanashindana na nani?"

Boniventura alihisi ardhi inarudi chini ya miguu yake. Miaka kumi alikuwa akisubiri jina moja tu la kushika, na sasa watu wenyewe walikuwa wamempa. "Wanashindana na wale wa pamba," akasema. "Kuna vyama viwili."

"Yupi Mgika? Yupi Mgalu?"

Hapo akakwama. Upande mmoja Jilala anamkodolea macho, upande wa pili Nkinda, shemeji yake, mikono yake kama michi. Kwenye shuka, mtu mmoja mrefu mwenye pamba alitoka mbele ya wenzake akapanda farasi, muziki ukapanda pamoja naye, ikawa wazi hata kwa kipofu kwamba huyu ndiye baba mwenyewe.

"Yule mrefu ndiye manju," Boniventura akasema. "Ni Mgika."

Wagika wakapiga vigelegele. Nkinda akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba. Padre Matege, kule nyuma kwenye mashine, alisikia shangwe akadhani watu wanaipenda nchi yake, akaanza kupiga makofi.

Novatus aliwasha tochi, akaandika neno moja, akazima.

Zikaja meli, na juu ya meli watu wanabeba masanduku na kuyatupa majini, moja baada ya jingine. Boniventura akakumbuka maneno ya Padre. "Hiyo ni chai," akasema kwa uhakika. "Wale wekundu waliwaletea wenzao chai imetiwa dawa, wakiinywa miguu iwe mizito siku ya mashindano. Mgika akagundua. Akasema, tupeni yote, sinywi."

"Wagalu ndivyo walivyo!" akafoka Nkinda. "Mwaka huu tulikunywa nini kule uwanjani? Nani alileta ule uji?"

"Uji ule aliupika shangazi yako!" Jilala akajibu.

"Nyamazeni, mtaona," Boniventura akawaambia. Akashangaa kusikia sauti yake inawanyamazisha watu.

Ila baada ya hapo mambo yakawaendea Wagika vibaya. Makoti mekundu yakapiga bunduki kwa safu, moshi ukafunika kila kitu, watu wa yule mrefu wakaanguka.

"Huo moshi?"

"Dawa."

"Mbona walioanguka hawaamki?"

"Dawa kali."

Wakakimbia. Wakakimbia tena. Ikaanguka theluji, lile jambo jeupe la huko kwao, Masele akauliza kama ni pamba nayo, Boniventura akasema ndiyo, imekosa mnunuzi. Yule Mgika mrefu akawa anatembea katikati ya watu wake waliofungwa matambara miguuni, sura imemwanguka, kama manju yeyote aliyekimbiwa na watu. Upande wa Wagalu ulikuwa unacheka waziwazi sasa.

"Mfikishieni salamu!" Jilala akaita. "Mwambieni Nkinda anamsalimu, wameshindwa pamoja!"

Nkinda alikuwa ameacha kutazama sinema. Alikuwa anamtazama Boniventura.

"Shemeji," akasema polepole, "hukuona mtu mwingine wa kumwita Mgika?"

Boniventura akageukia shuka. Jasho lilikuwa limefika kwenye soksi. Alikuwa hajui mwisho wa hadithi kama wao wasivyoujua. Tofauti yake ni kwamba yeye ndiye angepigwa.

Kisha wakafika mtoni. Yule mrefu akaingia kwenye mtumbwi pamoja na watu wake, wenzake wakakaa wakapiga kasia, yeye akasimama wima, mguu mmoja mbele, koti linapepea, kati ya mapande meupe ya barafu yaliyoelea.

"Mjinga!" Sauti ilikuwa ya Mektilda, mwanamke wa Kalemela aliyekuja Bariadi kuuza dagaa na furu, ambaye baba yake na babu yake walizaliwa na kufa ndani ya mitumbwi. "Kaa chini wewe! Kwetu mtu akisimama hivyo tunamtupa kabla hajatupindua! Nani kamlea huyu?"

"Kaa chini!" ghala zima likapiga kelele, Wagika na Wagalu pamoja. "Kaa chini, Mzungu!"

Hakukaa. Akavuka hivyohivyo. Na kama kwamba kule kusimama ndiko kulikuwa dawa yenyewe, kuanzia ng'ambo ile akaanza kushinda. Makoti mekundu yakarudi nyuma. Watu wakajitokeza mashambani, na majembe, na wake zao, wakamfuata yule mrefu, makundi kwa makundi. Nkinda akasimama.

"Wanahamia kwetu! Tazameni! Uwanja mzima unahamia kwetu!"

Mwishowe mkubwa wa makoti mekundu akatoka, kichwa chini, akavua upanga wake akaukabidhi.

"Amemkabidhi usinga wa manju," Boniventura akatangaza, na sauti yake ilikuwa imepona kabisa. "Amekubali. Wagika wameshinda."

Wagika wakainuka kama nzige. Kule nyuma Padre Matege alikuwa analia machozi, anajipangusa kwa kanzu. Kwenye shuka baba wa nchi alirudi nyumbani akamkumbatia mkewe, akaweka mdomo wake juu ya mdomo wa mkewe, na hakuutoa upesi.

"Anamfanyia nini?" akina mama wa misheni wakauliza, wameziba macho kwa vidole vilivyoachana.

"Anamrudishia dawa aliyomtunzia," akasema Boniventura. Taa ya mashine ikazimika, mlango ukafunguliwa, jua likaingia.

Lakini Wagalu hawakuinuka. Jilala alisimama peke yake, amekunja mikono kifuani.

"Mimi sikubali," akasema. "Kila aliyepo hapa anajua huyu mkalimani kaoa kwa nani. Anakula ugali wa dada yake Nkinda. Angesema nini tena? Wale wekundu ndio wenye ngoma, ndio wenye filimbi, wamepangika. Wale wa pamba hata ngoma nzuri hawakuwa nayo. Wameshindaje? Yupo mtu hapa amesoma Tabora. Bwana Karani, simama. Kiingereza unakijua, si Mgika wala si Mgalu. Tuambie. Alichosema huyu ndicho kilichosemwa mle?"

Watu mia nne wakageuka. Padre Matege, kwa kuona karani ameombwa kusema, akaitikia kwa kichwa kwa furaha, akamfanyia ishara: sema, sema.

Boniventura akaliweka bomba chini. Hakutaka limkute mkononi. Akatafuta uso wa Kornelia upande wa wanawake, akaupata. Kornelia alikuwa ameinamia magoti yake kama mtu anayesubiri bati la kwanza kung'olewa.

Novatus alisimama. Akajinyoosha shati. Akafungua mdomo, na Boniventura aliona wazi raha iliyokuwa usoni mwake, raha ya mtu aliyeibeba tangu Maswa kwa baiskeli. Kisha macho ya karani yakaenda mlangoni, kwa wale askari wawili. Yakarudi kwa watu mia nne, wamekaa kimya, wanangoja neno litoke kinywani mwa serikali. Mdomo ukabaki wazi. Ile raha ikamtoka usoni taratibu, kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

"Ee?" Jilala akasema.

Novatus akakohoa. "Ni kama alivyosema," akasema.

"Ni ngoma?"

"Ni ngoma."

"Na yule mrefu ni Mgika?"

Jasho lilimshuka karani mpaka kwenye ukosi. "Ni Mgika," akasema. "Kabisa."

Kilichofuata kilisikika mpaka sokoni. Wagika walimbeba Boniventura juu juu. Alipiga kelele wamshushe, hawakusikia, wakamzungusha ghala mara tatu. Walipomwachia, mkono ulimshika kola ukamvuta mpaka nyuma ya ghala, penye kivuli. Ulikuwa mkono wa Novatus. Karani alimtazama machoni, akasema sentensi moja ya Kiingereza, ndefu, yenye milima na mabonde.

"Yesi sa," Boniventura akajibu.

"Nimekuuliza kama wewe ni ng'ombe."

Boniventura akatazama viatu vyake. Alikuwa amechoka sana hata kuogopa. "Burma nilikuwa naosha masufuria, Bwana Karani," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema hayo kwa mtu asiye Kornelia, na yalitoka kwa urahisi wa ajabu. "Kwa nini hukuwaambia?"

"Niwaambie nini?" Novatus akashusha sauti mpaka ikawa pumzi tu. "Unajua kilichomo mle? Yule mtu na wenzake walikuwa wanatawaliwa na mfalme wa Waingereza. Wakachoka. Wakasema hatutaki. Wakapigana, wakawafukuza, wakajitawala wenyewe. Hiyo ndiyo sinema yote."

"Waingereza hawahawa?"

"Hawahawa! Mfalme mwenyewe ni mmoja wa mababu wa huyu mama malkia wa kwenye sumuni!"

Boniventura alifikiri kidogo. "Na chai?"

"Ilikuwa na ushuru."

"Aa."

"Sasa mimi, karani wa serikali, nisimame mbele ya watu mia nne, askari mlangoni, niwatangazie kwamba Waingereza hufukuzika, tena walishafukuzwa? Wakaniuliza walifukuzwaje? Jumatatu ningekuwa lokapu, wewe uko nyumbani kwako unakula ugali wa dada yake Nkinda." Akaketi juu ya jiwe, akafungua daftari gotini. Ndani mlikuwa na neno moja tu: pamba. "Umeniponya na umeniangamiza. Nimeshuhudia hadharani kwamba ni ngoma. Taarifa yangu kwa Bwana Shauri lazima iseme ngoma. Na Bwana Shauri ataniuliza ngoma gani, mwanzo wake na mwisho wake. Kaa hapa. Anza."

"Nianze wapi?"

"Kwenye fifi."

Basi Boniventura akakaa chini, akaanza. Alisimulia polepole, na karani akaandika mbio, ulimi nje, na kila Boniventura alichosema kiligeuka palepale kuwa Kiingereza safi cha Tabora, chenye nukta na mikato, hata ule uji wa shangazi. Boniventura akawa anachungulia. Ulikuwa mwandiko mzuri.

"Hapo penye dawa ya moshi umeandikaje?" akauliza.

Novatus akamsomea. Boniventura akasikiliza, kichwa ameinamisha upande.

"Inasikika ndefu," akasema. "Mimi nilisema kwa kifupi."

Karani alimtazama kwa chuki, akafuta maneno mawili.

Hapo ndipo Nkinda na wenzake walipozunguka kona ya ghala wakiimba, wakamwona karani wa Boma ameketi kwenye jiwe anaandika kwa heshima, na Boniventura ameketi mbele yake anamtajia neno baada ya neno.

"Njooni muone!" Nkinda akanguruma. "Shemeji anamsomesha karani! Bwana Karani, usione haya, ng'wana! Kila mtu huanza hivyohivyo! Hapo umempata mwalimu!"

Boniventura akafungua mdomo. Alitaka kusema si hivyo, jamani. Kwa mara moja hii alikuwa tayari kuikataa sifa. Kiatu cha Novatus kikamkanyaga kidole gumba, kikabaki hapo.

"Ni kweli," karani akasema, meno yamebanana. "Ni mwalimu mzuri."

Boniventura akangoja mpaka wenye kushangilia wamepita na kile kiatu kimeondoka. Kisha akamsogelea Novatus, akachungulia daftari.

"Andika basi, ndugu yangu," akasema kwa upole. "Tulikuwa tumefika kwenye mtumbwi."